Mume na Mke Waliopiga Muziki Kibua

Kwetu, kwenye vilima vya juu ya Kingi, huku Masisi, mashariki mwa Kongo, tunafuga ng'ombe, na maziwa tusiyoyauza mabichi tunayageuza kuwa jibini, ile tunayoiita fromaji. Miaka michache iliyopita nilikuwa nikiipeleka Kibua, upande wa Walikale, kwa kamio, yaani lori, la mfanyabiashara mmoja wa Butembo. Nyuma kulikuwa na chumvi, sabuni na sukari. Mbele nilikaa mimi na vikapu vyangu, kando ya dereva. Soko lilikuwa Jumamosi. Jumapili dereva, Mkatoliki kama tajiri wake, hakugusa usukani kabla ya misa, na misa ilipoisha mvua ilikuwa imekwisha kuanza. Mara nyingi tulilala hadi Jumatatu.

Jumapili moja ya namna hiyo, mchana, nilikuwa nimejibanza chini ya paa la nganda moja, kibanda cha mbao watu wanapokunywa kasiksi, pombe ya ndizi. Kanisani kwetu mtu aliyebatizwa hakai mahali pa pombe, kwa hiyo nilibaki nje na maji yakinipiga miguuni. Dereva alikuwa ndani. Akachungulia.

"Mama, ingia. Mvua haiulizake muntu dini yake."

"Nitaonekana."

"Na nani? Watu wa kwenu wote wako Masisi."

Nikaingia. Mama mwenye nganda aliniletea chai ya tangawizi bila mimi kuomba chochote, akanionyesha nafasi kwenye benchi. Pembeni walikaa mwanamke mmoja mwenye gitaa na mwanamume mwenye bidoni, dumu la plastiki lililogeuzwa juu chini. Gitaa lilikuwa la mbao za kuchonga kwa kisu, na nyuzi zake, niliambiwa baadaye, zilikuwa za kamba ya breki ya pikipiki. Nilidhani wamekuja kunywa kama wengine. Kisha mwanamke akaanza, na mwanamume akamfuata kwa vijiti juu ya bidoni.

Aliimba kwanza kwa Kinyanga, lugha ya huko, na mimi sikuelewa neno. Sauti yake haikuwa tamu. Ilikuwa nene kidogo, kama ya mtu aliyezoea kuita wenzake ng'ambo ya mto. Lakini nilisahau chai. Halafu akaingia Kiswahili, wimbo wake mwenyewe kuhusu njia yetu: "Barabara, umemeza kiatu yangu, unirudishie hata kamba." Watu wote wakacheka, na dereva kuliko wote, maana asubuhi ya jana yake tulikuwa tumesukuma kamio kwenye tope mpaka viunoni.

Nilichokiona baadaye ni miguu. Mwanamke alipigapiga mguu sakafuni, kwa nguvu kuliko inavyohitajika, na yule mwanamume alikuwa amevua viatu, nyayo zake zikilala juu ya mbao zile zile. Sakafu ya nganda ilikuwa ya mbao, imeinuliwa kidogo kwa sababu ya unyevu. Hakumtazama mwanamke hata kidogo, na hakukosea.

Walipopumzika nilimsogelea mwanamke. Ndiyo, mwanamume alikuwa mumewe. Walikaa miaka kule Omate, kwenye machimbo ya dhahabu, mume akichimba, yeye akipikia wachimbaji. Gitaa alijifunza huko huko, kwa mchimbaji mmoja aliyetoka mbali.

"Na Papa, bwana yako, alijifunzia wapi?"

"Yeye alikuwa anapiga tangu mutoto. Lakini kule kwenye shimo walipasua baruti karibu sana. Alitoka muzima, masikio njo ilibaki chini." Alisema hivyo bila kushusha sauti. "Anasikiaka na miguu sasa."

Tangu siku ile nilijua nitakapokaa kila Jumapili ya Kibua. Nilimwambia mume wangu niliporudi. Aliuliza kama nilikunywa. Nikasema chai. Akasema basi.

Kisha msimu mmoja ng'ombe wetu waliugua, sikushuka. Niliporudi, mama mwenye nganda alikuwa ameng'oa mbao zote na kumwaga simenti. Alitushika mikono mmoja mmoja tuione. Kweli ilikuwa safi, inang'aa, na alikuwa amealika watu wengi kwa ajili yake. Nganda ilijaa mpaka dirishani. Wale wawili walikaa pembeni pao pa siku zote.

Wimbo wa kwanza ulianza vizuri, kisha mume akatangulia. Mke akaongeza nguvu mguuni, lakini simenti haitoi kitu. Mume akachelewa, akatangulia tena, akaanza kumtazama mkewe mdomoni, na alipotazama mdomo mikono ikapotea. Watu walicheka kidogo kwanza. Halafu mtu mmoja nyuma akapaza sauti, akitaka mume atolewe nje: "Amelewa ule! Mumutoshe!"

Mume hakusikia maneno, lakini nyuso aliziona. Akaweka vijiti juu ya bidoni, akachukua viatu, akatoka.

Mke alisimama. Nilifikiri atalia au atatutukana. "Bwana yangu hakunywake," alisema. "Hasikie. Mbao njo zilikuwa zinamusikilizisha. Sasa mbao haiko."

Mama mwenye nganda alijishika kiuno. "Sasa simenti yangu iko na kosa gani?" Nilimhurumia, kwa sababu kosa halikuwepo.

Dereva ndiye aliyeinuka. Kila kamio linalopita njia ile hubeba mbao nene za kuweka chini ya magurudumu linapozama. Alitoka nje kwenye mvua, akaniita, nikamfuata. Alishika ubao upande mmoja, mimi upande mwingine, mzito kama ndama, umejaa tope la safari nzima. Tulipoufikisha mlangoni mama mwenye nganda akapiga kelele.

"Ile uchafu? Juu ya simenti ya mupya?"

"Mama, tutaosha," nikasema.

"Mutaosha na nini?"

Lakini alishaenda ndani. Alirudi na ndoo na ufagio, akausugua ubao yeye mwenyewe, hapo mlangoni, akinung'unika. Aliyesema mambo ya ulevi alikuja kutusaidia kuuinua. Tuliweka vipande vya tofali chini ya ncha zake ili uachane kidogo na sakafu.

Mume alikuwa chini ya paa la nje, amevaa kiatu kimoja. Nilimwonyesha kwa mkono aingie. Akatikisa kichwa. "Wananicheka," alisema, kwa sauti kubwa sana, kama wasemavyo watu wasiosikia sauti yao wenyewe. Mkewe hakumbembeleza. Alihamishia kiti chake juu ya ubao, akaketi, akaanza kupiga gitaa na mguu peke yake, ule wimbo wa kiatu. Mlango ulikuwa wazi. Mume alimtazama muda mrefu. Mwishowe akaingia, akasimama kando ya ubao, akaweka unyayo mmoja juu yake kama mtu anayepima maji. Kisha akavuta bidoni.

Nimesikia muziki mwingi tangu hapo, wa redio, wa simu, wa harusi zenye mabafle, spika kubwa. Sijasikia watu wakipiga vile. Dereva aliwaachia ubao ule, na njiani kurudi tulizama mahali pabaya, tukakata matawi badala ya ubao.

Mwaka uliofuata niliwaleta wale wawili Kingi, kwenye harusi ya wifi yangu. Baadhi ya wazee wa kanisa hawakupenda. Baridi iliwatesa wageni wangu, mume alivaa koti la mume wangu siku nzima. Mama mkwe wangu, ambaye hajui Kinyanga na hajawahi kufika Walikale, aliomba wimbo wa barabara, ukaisha, akauomba tena. Aliwapa fromaji ya kubeba.

Halafu vita vilifunga njia. Kibua watu walitawanyika, na kwa muda mrefu sikujua wako wapi. Siku moja mwanamke alinipigia simu: wako Walikale-centre, wazima wote wawili, wanapiga kwenye restora, mgahawa mmoja karibu na uwanja. Mama mwenye nganda alikwenda Goma, simenti yake imebaki. Tulizungumza mpaka salio lake likaisha.

Mimi sasa nauza fromaji Masisi-centre tu. Jumamosi mchana, nyuma ya soko, kuna vijana wawili wanaoimba kwenye kibanda cha chakula. Mmoja ana sauti nzuri na nyimbo zake mwenyewe, za Kihunde. Mwenzake bado ana haraka, hutangulia wimbo. Nikimaliza vikapu huwa napita kuwasikiliza, na juzi nilimpeleka mume wangu. Aliagiza chai.