Mashine ya Mama Mezani

Uzi wa bluu ndio niliouona kwanza.

Ulikuwa kwenye mpini wa mashine iliyowekwa katikati ya meza ya mkutano. Birika nusura linitoke mkononi.

Uzi ule niliufunga mimi. Mashine ile ndiyo iliyokuwa ikimsaidia mama yangu kupumua.

Mimi nafanya usafi na kupika chai hapa chuoni. Shule niliiachia darasa la tano. Mashine hiyo, Injinia wa hapahapa ndiye aliyeiunda, moja tu, akamwazima mama ili ijaribiwe. Mama akaanza kulala kama watu wengine.

Halafu watu wa maabara wakaja kuichukua. "Inasafishwa tu, mama. Kesho inarudi."

Kumbe inauzwa!

Mzee mwenye kiwanda aliigonga kwa kidole. "Bei yenu inatisha, jamani."

"Miaka tisa ya utafiti, mzee wangu," Injinia akasema.

"Mimi sinunui miaka yako, nanunua hiki. Tena sijui hata kama kiwandani kitatengenezeka."

Mwanasheria wa chuo akatikisa kichwa. "Tukishusha, tutaambiwa tumeuza mali ya chuo kwa bei ya kutupa."

Wakavutana mpaka chai ikapoa. Mzee akanigeukia. "Hebu binti atuamulie. Wewe ungeinunua bei gani?"

Nikainamia birika. "Sijui, mzee."

Wakaangua kicheko. Wakaachana bila bei.

Mwanasheria akaagiza ifungiwe kabatini, watu wasije wakaiba ufundi.

Nilimkimbilia Injinia kwenye korido. "Kaka, mama hajalala tangu..."

"Vumilia, mdogo wangu. Wiki ijayo wanarudi."

Mama hakuifikia wiki hiyo. Alikata roho ameketi, kichwa begani kwangu.

Nilirudi kazini. Na mzee naye akarudi, safari hii mpole.

"Bei yenu nimeikubali. Ila nasikia kuna mgonjwa mliyemjaribia; nionyesheni, nimwone kwa macho yangu anavyopumua."

Injinia akainamisha kichwa. Mwanasheria akakohoa. Mimi nikaendelea kumimina chai.

Mzee akawatazama mmoja mmoja, akachukua koti lake, akaondoka bila kununua.

Mashine bado iko kabatini. Naifuta vumbi mwenyewe.

Ndugu zangu, kabla hamjakipangia kitu bei, ulizeni kwanza mmekitoa mikononi mwa nani.

Siku ile waliponiuliza, jibu nilikuwa nalo. Aibu ikalimeza. Leo nalisema, ingawa nimechelewa:

Irudisheni kwanza nyumbani, wazee. Njooni nayo wote. Bei mtaiona mkimkuta mama amelala.