Rangi ya Ngamia wa Ayeeyo

Leo mchana, nikiwa hoi kwa kazi, nimefungua kompyuta kuukuu ya ofisini. Harufu ya vumbi lililoungua ikanirudisha Garissa, kwenye chumba cha mabati ambamo Abti, mjomba wangu, aliweka mashine iliyotupwa na ofisi moja ya Dadaab.

Kitabu cha maelekezo ya kompyuta hiyo kilisema ina rangi nne tu: nyeusi, nyeupe, samawati na waridi. Mimi sikukiamini. Niliingiza nambari za rangi ambazo hakikuzitaja. Nyingi zilizima skrini, nyingine ziliifanya ipige mluzi.

"Utaiua, wallahi!" Abti alinikemea.

Adhuhuri moja ikatoka rangi ya hudhurungi.

Ayeeyo, bibi yangu, alikuwa mlangoni. Ngamia wake wa mwisho alikuwa amekufa kwa ukame. Akaikagua ile rangi kama mnyama wa mnadani.

"Huyu mwekundu mno. Wangu alikuwa na vumbi mgongoni."

Nikajaribu nambari nyingine, na nyingine, hadi vidole vikafa ganzi. Kila mara alitikisa kichwa. Kisha akaacha kutikisa. Akasogea, akaweka kiganja kwenye kioo chenye joto, akaanza kuimba polepole ule wimbo wa kuwanywesha ngamia kisimani.

Alipomaliza akasema, "Sasa mwache apumzike."

Nikazima.

Kesho yake alikuja mapema, amejifunga shuka safi, akaketi mbele ya skrini akingoja.

Sikuwa nimeiandika ile nambari.