Rupia ya Chini ya Kizingiti

Wiki ile ofisi ya ardhi ilipotupa siku tano za kuthibitisha kwamba kiwanja chetu cha Kabondo ni chetu, nilikuwa mtu wa kugombana hata na kuku. Mtu mmoja mwenye gari alikuwa ametokea na karatasi, mihuri kila kona, akidai nyumba alimozaliwa mama yangu imejengwa kwenye ardhi yake. Sisi karatasi hatukuwa nayo. Nani aliwahi kumwomba babu karatasi?

Mama ndiye aliyekumbuka. Wazee wetu, waliofika na wafanyabiashara kutoka Maniema, hawakujenga nyumba bila kufukia pesa ya Uhindi chini ya kizingiti. "Iko pale mpaka leo," alisema. "Chimba."

Nikachimba, majirani wote wakichungulia. Mchana nikatoa kitu cheusi, kizito, kimegandwa na udongo. Nilipokifuta kwa kidole yakatokea maandishi kama ya msahafu. Shehe wa mtaa wetu akazitambua herufi, maneno yakamshinda. "Hii ni rupia ya Uhindi, ya zamani sana," akasema. "Sijapata kuona nyingine huku kwetu." Wallahi nililia palepale shimoni, mbele ya watu, bila haya. Niliona tumepona.

Asubuhi ya siku ya tano niliingia kuoga. Nilipotoka nikamkuta mama amechuchumaa, majivu na mchanga hadi viwikoni, maganda ya ndimu yametapakaa. Rupia iling'aa kama kijiko cha harusi.

"Hauwezi kupeleka uchafu mbele ya bakubwa, mutoto yangu," aliniambia.

Na mimi mpumbavu nikamsifu! Nikaifunga kwenye leso, nikapanda toleka, nikamhimiza mwenye baiskeli akanyage hadi ofisi ya ardhi, Makiso.

Ofisini karani akaigeuza mara mbili. Maandishi yalikuwa yamefifia, mchanga umeyala.

"Bon, papa. Hii iko mupya. Fundi gani alikutengenezea?"

"Imetoka chini ya nyumba yetu!"

"Kitu kinalala ndani ya udongo miaka yote hiyo, alors kinaangaza hivi?" Akacheka.

Nikamwambia mama ameisafisha. Nikamtaja shehe, nikawataja majirani. "Hao ni watu wenu," akasema. Nikapiga meza, nikamtukana yeye na ofisi yake. Akaacha kucheka, akagonga muhuri kwenye faili la yule mwenye gari, na askari akanitoa nje kwa kunishika mkono.

Nilirudi nikamkuta mama amesimama barabarani mbele ya nyumba akinisubiri, amevaa kitenge chake cha sikukuu.

"Iling'aa?"

"Iling'aa, mama. Wote waliishangaa."

"Sasa wamesema nini?"

Nikamwambia tumeshindwa, yule tajiri amewahonga. Leo tunakaa chumba cha kupanga Lubunga, ng'ambo ya mto, na kila akiamka mama anamlaani yule mtu kwa sauti, kwamba alinunua haki yetu. Mimi naitikia amina.