Saa ya Gari Jeupe

Kila asubuhi, kabla hajawasha jiko, Vestina hufungua mlango wa abiria wa Pijo jeupe lililowekwa juu ya mawe nyuma ya nyumba yake, huinama, na kuweka sikio kwenye saa ya dashibodi. Hasikii kitu. Hufunga mlango polepole, kama mtu aliyeacha mtoto amelala, kisha huenda kutafuta mkaa.

Ninapanga chumba katika uwanja huo hapa Kasulu, na kwa muda mrefu nilidhani anasikiliza panya.

Mtaani wanamwita Mama Saa. Hana mtoto; jina ni la kazi. Hutengeneza saa za magari ya zamani, zile za mishale zilizokuja na gari lenyewe. Humfikia kwa basi kutoka Mwanza, Tabora, hata Dodoma, zimefungwa ndani ya maboksi ya viatu. Daktari Rashid wa Kibondo alileta saa ya Benzi la marehemu baba yake, akauliza kama haiwezi kuwekewa mashine ya saa ya ukutani, ile ya betri ndogo. Vestina alimrudishia boksi lake. Alimwambia kwamba hapo angebaki na sura ya saa tu. Daktari akaomba radhi, akaliacha boksi.

Saa hizo zina springi fupi. Kila baada ya dakika chache springi huishiwa nguvu, vidole viwili vya chuma hugusana ndani, umeme wa betri hupita, na sumaku huijaza springi upya: tak. Betri ikidhoofika, vidole hugusana na kubaki hivyo, vikiungua. Saa hufa imeshikana vidole. Vestina huviachanisha, huvisugua kwa msasa laini, huosha magurudumu kwa petroli, kisha huweka mafuta kwa ncha ya sindano, tone moja tu.

Watoto wakitoka shule humtania, "Mama Saa, saa ngapi?" Naye hujibu bila kuinua macho, "Ya wapi?" Wanacheka, wanakimbia. Mimi pia nilikuwa nacheka.

Mwaka huu, mwezi wa sita, mdogo wake Makarius alikuja kutoka Kibondo. Anauza mbegu huko, na figo zake zimechoka. Nilikuwa nachambua maharage mlangoni kwangu, hawakunifukuza. Walizungumza Kirundi, na Kiha changu, lugha inayokaribiana nacho, kilinitosha.

Makarius alitaka waganduke. Kuganduka ni kufunga msiba: ndugu hukusanyika, hunywa pombe ya mwisho ya matanga, na kuanzia hapo marehemu huachwa aende. Baba yao, Ndayisaba, hajagandukiwa tangu mwaka sabini na mbili. Kwao mtoto wa kwanza ndiye hunywa kwanza, na mtoto wa kwanza ni Vestina. Kila mwaka hukataa.

"Dada," alisema Makarius, "mimi baba simjui hata sura. Nilikuwa mgongoni. Sitaki wanangu wanizike mimi na msiba wake bado uko wazi. Unamngoja nani?"

Vestina aliweka bisibisi chini. Akamweleza jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

Baba yao aliendesha teksi Ruyigi. Walipokimbia mauaji ya mwaka huo, aliwavusha mpaka kwa Pijo hilihili hadi Mabamba, upande wa Tanzania, akaliegesha, akarudi kwa miguu kumchukua mama yake mzazi. Vestina alikuwa na miaka minane, na baba alishamfundisha kusoma saa. Mama yao, Immakulata, hakuijua. Baba alimwonyesha Vestina ile ya dashibodi. Mshale mfupi ukifika kwenye nne, alisema, yaani saa kumi, na mimi sijarudi, ondokeni na wenzenu.

Lakini saa ile ilikuwa ya Burundi, na huku Tanzania saa hutangulia kwa moja. Kilima ni kilekile, jua ni lilelile. Afisa aliyekuwa akiwapanga watu kwenye lori alitazama mkono wake, akatangaza kuwa ni saa kumi, lori linaondoka. Vestina alitazama dashibodi: saa tisa. Alidhani saa ya baba imekosea. Akashika kitufe, akausogeza mshale mbele hadi kwenye nne. Mama akauliza kutoka nje, mshale umefika? Akajibu umefika. Gari likafungwa nyuma ya lori, likavutwa hadi Kibondo.

Miezi miwili baadaye mwanamke aliyevuka nyuma yao alisimulia kuwa aliona mwanamume na bibi kizee wamesimama palepale, juu ya alama za matairi. Mwanamume alizitazama kwa muda. Kisha akamshika mkono yule bibi, wakarudi walikotoka.

Kuku walikuwa wameanza kuingia bandani.

"Ulikuwa na miaka minane," alisema Makarius.

"Saa nilikuwa naijua."

Makarius aliinuka kwa shida, akaenda hadi kwenye Pijo, akaegemea mlango. "Itengeneze," alisema. "Umetengeneza za watu wote. Ikitembea, njoo Kibondo unywe. Isipotembea, sitakusumbua tena."

Asubuhi iliyofuata Vestina hakuweka sikio. Aliichomoa saa na kuifungua mezani. Vidole vilikuwa vimeshikana, vyeusi kama mbegu za papai. Kazi ambayo kwa wengine humchukua siku moja ilimchukua wiki mbili. Jumamosi aliirudisha dashibodini, akaazima betri ya pikipiki, akaunganisha waya. Tulisubiri. Mshale haukuonekana kusogea, kisha humo ndani, baada ya miaka hamsini na tatu: tak.

Alishika kitufe, akauzungusha mshale taratibu, akaacha. Nguo zake za safari ya Kibondo zilikuwa tayari kwenye kamba.

Nilimuuliza ameiweka saa ya wapi.

"Ya kule Burundi," alisema. "Ile saa moja nimemrudishia."