Mchuma waridi anayekihofia kicheko cha bintiye

Jumatatu, Mei 27, 2019, ndiyo siku mambo ya Dobri Kachulev yalipoharibika, na siku hiyo watu walipiga makofi.

Mkewe, Zlatina, alikuwa hajalala tangu wiki iliyotangulia. Aliingia shambani kabla ya jogoo kuwika, akachuma waridi huku akiimba, akawashinda wanaume. Msimamizi akampandisha juu ya trela, kila mtu amwone.

"Tazameni, wavivu nyie," akasema. "Huyu ndiye mchumaji."

Katika bonde hili la Bulgaria maua ya waridi huchumwa kabla jua halijanyonya mafuta yake, na msimu ukifika, asiyelala husifiwa. Hakuna aliyejua kwamba wanausifia ugonjwa. Ni ule ugonjwa wa hisia unaompandisha mtu juu mpaka usingizi unamkimbia, kisha unambwaga. Zlatina alibwagwa Julai. Kabla ya theluji ya kwanza alikuwa amejitoa uhai.

Leo, miaka kadhaa baadaye, saa kumi na moja alfajiri, Dobri amefunga mfuko kiunoni, mikono imechanjwa na miiba. Anachuma bila kuyaangalia maua. Anamwangalia bintiye Nevena, mwenye miaka kumi na saba, anayecheka na rafiki yake Siyana mistari michache mbele.

"Binti yako leo ana moto," anamtania Minko, baba yake Siyana. "Atatuaibisha wazee."

"Mwangalie wako," Dobri anamjibu.

Minko anacheka, ana nafasi ya kucheka. Dobri anamwonea wivu, wala hafichi; Minko akisogea, ananung'unika peke yake.

"Siyana akikesha anaimba, Minko anageukia ukutani analala. Wangu akiimba, mimi nakaa kitandani nasikiliza. Wake akinuna, watu wanasema ni mambo ya wavulana. Wangu akinuna, jamani, ni nini?"

Daktari aliwahi kumwambia: mtoto wa mzazi mwenye ugonjwa huo yuko hatarini kuliko wenzake, ila wengi hawaupati, kinachotakiwa ni kumfuatilia mapema. Nani wa kumfuatilia? Daktari mwenyewe alihamishiwa mjini, na nauli ya kumfuata inameza ujira wa siku nzima. Wakubwa wana mabasi ya kuleta wageni kwenye sikukuu ya waridi, wanuse na kupiga picha. La kumleta daktari hawana. Mtoto wa mkubwa angeota ndoto mbaya mara moja tu, angepelekwa hospitali kwa ndege.

Jua likipanda, wachumaji wanakaa kando ya trela kula mkate na jibini.

"Jana ulilala?" Dobri anamuuliza bintiye.

"Nililala, baba. Na Siyana je, umemuuliza?"

"Siyana ana mama."

Nevena anatafuna kwanza. "Basi na mimi nina askari jela."

Minko anainama, anajifanya anafunga kamba za viatu.

Msimu ukiisha, Dobri amekusudia kumpeleka Nevena mjini, akaonwe, arudi tena na tena, hata ikibidi mbuzi wote wauzwe. Binti amekubali, lakini ana sharti lake.

"Nitaenda," anasema, akijipangusa makombo. "Ila kwanza uniambie. Siku nikifurahi tu, baba, furaha ya kawaida kama ya Siyana, wewe utaijuaje?"