Tuta Lisilo na Nyasi

Mwanangu, asubuhi ile mama mkwe wangu alipotia mkono kwenye tuta langu mpaka kwenye kiwiko, akautoa umejaa udongo mtupu, mimi bado naiona. Naona mpaka kucha zake. Umande ulikuwa haujakauka, ukungu umelalia vilima, na baridi yetu ya Ufipa unaijua, ile inayokuingia kwenye mifupa hata ukijifunga kanga mbili. Nilikuwa binti mbichi, nimeolewa mavuno yaliyopita, na nilisimama pale nikisubiri kusifiwa.

Nikueleze kwanza hayo matuta, maana ninyi wa mjini, huko Milanzi, mnanunua unga kwenye mfuko, hamjui umetoka wapi. Sisi Wafipa hatukwangui udongo juu juu. Mvua zinapoelekea mwisho, ardhi ingali laini, tunafyeka nyasi, tunazikusanya mafungu mafungu, halafu tunazifunika kwa mabonge ya udongo mpaka linasimama tuta la duara, kubwa, linafika magotini. Hiyo ndiyo intumba. Juu yake utapanda maharage ukitaka, lakini tuta lenyewe unalitengeneza kwa ajili ya mwakani. Nyasi zinakaa humo kiangazi chote zinaoza. Mvua mpya zikianza unalibomoa, unatawanya ule weusi wake shambani, unapanda ulezi au mahindi. Mbolea yetu ilikuwa hiyo. Siku hizi nyasi zenyewe unagombania na ng'ombe, lakini wakati ule zilikuwa tele, shida ilikuwa mgongo wako tu.

Mgongo wangu ulikuwa mzima. Moyo ndio ulipenda kutazamwa. Mama mkwe, aliyebatizwa Skolastika, alinipa kipande kando ya njia ya kwenda kigangoni, kule tulikosali Jumapili. Kijiji chote kingepita hapo. Nikasema, hapa ndipo watakapojua Deusi kaoa nani. Nyasi zilikuwa zimelowa, nzito, zinakata mikono. Nikaziacha zilivyo. Nikawa nainua udongo juu ya udongo, nausawazisha kwa jembe, moja baada ya jingine, safi, ya mviringo, kama vichwa vya watoto waliotoka kunyolewa. Wenzangu wako nusu, mimi nimemaliza. Jumapili watu wakapita, wakamwambia mume wangu, "Deusi, umeoa jembe!" Deusi akacheka meno yote nje.

Mama Skolastika siku hiyo hakusema kitu. Kesho yake ndipo akaja, akainama, akatia mkono.

"Humu umezika nini, mkwe?"

"Udongo, mama."

"Udongo uliukuta. Nimekuuliza ulichozika."

Nikainama nikalifukia lile tundu.

"Yanapendeza," akasema, akipangusa mkono kwenye kanga. "Mwakani huu uzuri tutausaga, au tutaula na mlenda hivyo hivyo?"

Jirani mmoja alikuwa anapita na ndoo ya maji kichwani. Alicheka mpaka maji yakamlowesha. Mimi nilitazama miguu yangu. Kumbe mama hajamaliza. Tulipokuwa tunarudi nyumbani, yeye mbele mimi nyuma, akasema bila kugeuka, "Na sala yako nayo nimeshaitia mkono. Nayo ni hivyo hivyo."

Hapo ndipo aliponichoma kweli, kwa sababu kanisani mimi nilikuwa sauti. Nikianzisha wimbo, hata waliokaa nje ukutani wanausikia. Lakini pale nyumbani, kila alfajiri, kabla hajawasha moto, kabla hajasalimiana na mtu, mama yule alikuwa anatandika ngozi ya mbuzi karibu na mafiga na kupiga magoti. Hakuwa na sala ndefu. Ishara ya msalaba, Baba Yetu, Salamu Maria, halafu anataja majina ya watu wa nyumba yake walio hai, mmoja mmoja, halafu ya marehemu wake, basi. Anasimama, anapuliza moto. Mimi nilikuwa nimepiga magoti nyuma yake, midomo inacheza, akili iko kwenye uji. Siku nyingine nilijifanya bado nimelala. Kusali kwangu kulikuwa ni kwa Jumapili na kwa shida, na shida nilikuwa sina. Nilikuwa na mume, nilikuwa na nguvu, tumboni nilikuwa na mtoto.

Nilikasirika, sikubadilika. Huo ndio ukweli.

Kiangazi kilipoingia Deusi akashuka bondeni, kama wanaume wengi walivyofanya, kwenye kambi za uvuvi za Ziwa Rukwa, mbele ya Muze. Asubuhi ya kuondoka mama yake alimpigisha magoti kwenye ile ngozi. Mimi nilikuwa nje nafunga mzigo wake. Nilisikia jina lake likitajwa ndani, nikaona mama anatuchelewesha.

Huko bondeni joto ni kali na mbu ni wengi. Homa ikampanda kichwani. Wenzake wakampakia kwenye lori la mpunga limpandishe mjini hospitalini. Mwanangu, lori likipanda ule mlima unalisikia kabla hujaliona, linalia, linanyamaza kwenye kona, linalia tena. Tulilisikia tangu jua liko juu, tukiwa tunapura maharage, wala hatukujua limebeba nini. Lilipofika kijijini likasimama, nalo halikuwa na desturi ya kusimama kwetu. Deusi alikuwa juu ya magunia, amefunikwa turubai. Alikata roho kabla hawajamaliza kona za mlima.

Kwenye mazishi katekista alinigeukia, kwa wema tu, akijua mimi ndiye sauti. "Mama, tuanzishie hata ubeti mmoja." Nilifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Sisemi nililia, hapana, hata kilio hakikutoka. Watu waliona ni uchungu. Ulikuwa uchungu, lakini na kingine kilikuwepo. Nilijitia mkono mwenyewe mpaka kwenye kiwiko, nikakuta udongo.

Waombolezaji wakaondoka. Alfajiri ya kwanza tuliyobaki wawili, Mama Skolastika alitandika ngozi yake. Huyo alikuwa mwanawe wa pekee, ujue hilo. Akapiga msalaba, Baba Yetu, Salamu Maria, sauti kavu kama msumeno. Akaanza majina ya walio hai. Akafika mahali pa Deusi, mdomo ukawa tayari umefunguka kulitaja. Akanyamaza. Nikasikia anavuta pumzi. Akaliruka, akataja jina langu, akaendelea, na alipofika kwa marehemu, kule mwisho kabisa, akalitaja. Akasimama, akapuliza moto.

Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta. Nilimchukia. Nilisema huyu hana moyo, ana mazoea.

Mvua zikaja, mtoto akazaliwa, wa kiume, huyo ambaye leo ndiye baba wa nusu ya mnaonisumbua hapa nyumbani. Tukabomoa matuta, tukapanda ulezi. Shamba la mama likasimama kijani cheusi. Langu likatoka la njano, fupi, kama limenyimwa chakula, na kila Jumapili watu wakipita kwenda kigangoni wanaliona, wanageuza macho kwa huruma. Afadhali wangecheka. Tulikula cha mama, mimi na mtoto wangu.

Siku moja nikafunga nguo zangu kwenye shuka. Nilikuwa nimeamua kurudi kwa wazazi wangu, nimwache yule mama na nyumba yake na ngozi yake. Na Mungu nilikuwa namwacha hapo hapo, sikufichi. Nikamkuta uani anapepeta.

"Mama, naomba nikuulize neno kabla sijaondoka."

"Uliza."

"Ukisali pale asubuhi, huwa unasikia kitu?"

Hakusimamisha ungo. "Kitu gani?"

"Faraja. Sauti. Chochote."

"Tangu tumzike Deusi? Sijasikia."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Sasa unapiga magoti ya nini?"

Hapo ungo ukasimama. Nikadhani atanitukana, na haki alikuwa nayo.

"Wewe," akasema, "nyasi zikiwa chini ya udongo, unazisikia zikioza?"

Nikakihamishia kifurushi mkono wa pili.

"Mimi nimezika tangu nikiwa binti kama wewe. Siku nyingi nilikuwa na usingizi, siku nyingi nilikuwa na hasira na baba yake Deusi, nikazika hivyo hivyo. Walipomleta mwanangu juu ya magunia, unadhani nilikuwa na nini kingine? Sala hizo nilizozika ndizo ninazokula mpaka leo. Sasa nikiacha kuzika kwa sababu sisikii kitu, mwakani nitakula nini?" Akainua ungo wake. "Nenda salama. Wasalimie kwenu."

Mwanangu, sikwenda. Wala usidhani kuna mwanga uliniangukia. Kile kifurushi kilikaa mlangoni kimefungwa kama mgeni asiyekaribishwa. Alfajiri iliyofuata nikaenda mwenyewe kwenye ngozi, nikapiga magoti pembeni, mtoto mgongoni.

"Husemi?" akaniuliza.

"Sina maneno, mama."

"Nitasema mimi. Wewe weka magoti. Magoti nayo ni nyasi."

Akasema yote peke yake. Ila alipofika kwa marehemu, kule mwisho, akanyamaza. Nikasubiri. Naye akasubiri. Nikaelewa ananiachia. Nikasema, "Deusi." Neno moja hilo, na sauti yenyewe mbovu. Hiyo ndiyo sala yangu ya kwanza maishani, na wakati huo kanisani nilishaimba mpaka mapadre wakaniuliza jina.

Mwisho wa mvua zile nilifyeka nyasi mikono ikatoka damu. Leo pita shambani kwangu, tia mkono tuta lolote unalotaka. Hapo najisifu na sitaomba radhi.

Nimeyaandika haya kwa sababu ya mjukuu wangu Gaude. Juzi alikuja kunisalimia, amependeza, kazi anayo, mume anaye, watoto wana afya. Nikamuuliza kuhusu sala.

"Bibi, siku hizi nasali nikiwa na mudi."

"Mudi ndiyo mdudu gani?"

"Hamu, bibi. Nisiposikia kitu moyoni naona kama namdanganya Mungu."

"Na mtoto akilia usiku, unamnyonyesha ukiwa na mudi?"

"Aa, bibi nawe!" Akacheka, akashika simu yake. Sikucheka. Nilimtazama nikaona tuta zuri, la mviringo, watu wanapita wanalisifu, nikaogopa. Maana mimi najua lori halipigi hodi.

Basi sikieni, wewe na Gaude na wenzenu. Unazika nyasi wakati ardhi ni laini. Ikishakauka, jembe linaruka tu, na msiba ndio kiangazi chenyewe. Kwa hiyo anza ungali huna shida. Chagua saa yako moja na mahali pako pale pale, hata kama ni pembeni ya kitanda, na iwe kabla ya simu, kabla ya moto, kabla hujaongea na mtu, maana siku ikishakushika haikuachii tena. Usianze na sala ya saa nzima kwa sababu umetoka kwenye mkutano wa injili umechemka. Utaiweza wiki, halafu utaona aibu, utaacha. Chukua fupi, yenye maneno unayoyajua hata ukiwa umechoka, kwa sababu iko siku maneno mapya hayatakuja na yale ya zamani ndiyo yatakayokubeba. Wataje watu wako kwa majina. Usiseme "familia yangu" kama mwenyekiti wa kikao. Wataje. Na ukikosa siku moja, usikae unajieleza kwa Mungu wala usingoje Jumatatu. Kesho yake piga magoti, endelea.

Na usipime kwa unachosikia. Mama Skolastika alishakwenda zamani, nililihamisha mwenyewe jina lake kutoka kwa walio hai kwenda kwa marehemu, na ngozi ninayotumia si ile yake. Tangu tulipomzika Deusi ziko asubuhi chache nilizosikia kitu, naweza kuzikumbuka kwa sababu ni chache. Leo alfajiri sikusikia kitu. Upepo tu, na magoti yanauma. Nilitaja wote, jina la Gaude nikalitaja polepole, nikasimama, nikafagia uwanja.

Mungu akupe magoti yasiyongoja hamu, mwanangu. Akukute kila alfajiri na majina yote ya nyumba yako bado yako upande wa walio hai. Na siku itakapokubidi ulihamishe moja, akupe pumzi ya kulitaja.