Mahali pa Jina la Mkalimani

Mkalimani husema "mimi". Ndiyo sheria ya kwanza ya kazi yangu: mkimbizi akisema "niliogopa", nami kwa Kiingereza nasema niliogopa, kana kwamba woga ni wangu. Nimefanya kazi hiyo Kampala miaka mingi, nikiwatafsiria Wakongo wenzangu wanaoomba hifadhi, na sheria hiyo nimeivunja mara moja tu.

Mwombaji siku hiyo alikuwa jirani yangu wa mtaa wa Katwe, mama muuza vitenge. Katika mahojiano ya kwanza alisema watu wenye bunduki walipomchukua mumewe, yeye alijificha jikoni. Katika ya pili akasema alikuwa kwenye migomba. Mimi nina roho ya kushuku. Nimesikia uongo mwingi mle ofisini, mwingine wenye machozi kabisa. Nikajisemea, huyu mama anatuchezea. Basi nikaacha "mimi", nikasema "she claims", yaani anadai. Afisa aliyemhoji aliinua macho, akanitazama, ndipo akaandika.

Barua ya majibu ilipotoka, yule mama aliniletea nimsomee. Amekataliwa. Kiingereza hajui, lakini macho anayo. Akaweka kidole kwenye neno moja, lile lile "claims", akakishusha, akalikuta tena, na tena.

"Papa, hii neno iko inarudia kila fasi. Iko na maana gani?"

"Inasema 'anasema'."

"Anasema tu?"

Nikashika kamusi, nikijifanya nahakikisha. Ilieleza kwamba neno lile asili yake ni Kilatini, na zamani maana yake ilikuwa kupaza sauti, kulia kwa nguvu. Sijui Waingereza walilifanyia nini njiani hadi likawa la kumtilia mtu shaka. Nilichofanya mimi nakijua.

Nikamuuliza kuhusu jiko na migomba. Akanishangaa.

"Si jiko yetu ilikuwa mule mu migomba? Ya kwenu ilikuwa wapi?"

Ya kwetu ilikuwa kwenye migomba vilevile. Mama yangu alipika humo mpaka siku tuliyokimbia. Niliona aibu hata nikashindwa kumtazama. Nikamweleza yote, na lile la kuacha "mimi" pia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akakunja barua yake.

Kesho yake tulijaza fomu ya rufaa, yeye akisema, mimi nikiandika. Tulipofika mahali pa jina la mkalimani, alinitajia jina la mtu mwingine. Nikaliandika.